Kutoka Kibali cha Hazina hadi Sahihi ya Kidijiti: Uthibitishaji wa Programu za Kompyuta Dar es Salaam na Pembezoni Mwake

Kila mfumo endeshi wa kompyuta, yaani programu mama inayosimamia kumbukumbu, diski, skrini na programu nyingine zote zilizomo ndani ya mashine, hulazimika kuamua jambo moja kabla ya kuiruhusu programu ngeni ifanye kazi: iaminiwe au isiaminiwe. Uamuzi huo huonekana kuwa wa kiufundi, na sehemu kubwa ya maandishi yanayouhusu huuchukulia hivyo. Hata hivyo, historia ya kompyuta nchini Tanzania, na hasa katika jiji la Dar es Salaam na maeneo yake ya pembezoni kama Kimbiji, inaonyesha kwamba ndani ya uamuzi huo limo suala la mamlaka: nani ana haki ya kutamka kwamba programu fulani ni salama, anategemea ushahidi gani, na tamko lake linawafikia watu gani. Katika muda wa miaka ipatayo 60, mamlaka hayo yalikuwa kwanza mikononi mwa serikali, kisha yakahamia kwa fundi wa mtaani, baadaye yakagawanywa kati ya fundi huyo na programu za kukinga virusi, na hatimaye yakatua kwa kampuni chache za ng'ambo zinazotengeneza mifumo endeshi. Makala haya yanafuatilia uhamaji huo na kueleza kwa nini ukaguzi wa kisasa, pamoja na ustadi wake, kwa miaka mingi ulimlinda zaidi mtu anayepokea programu kwa njia ya intaneti kuliko yule anayeipokea mkono kwa mkono.

Enzi ya kibali

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni moja ya Uingereza, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka michache tu baada ya Uhuru, kwa ajili ya kazi za hesabu za serikali. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba kizima, ziliendeshwa na watumishi waliopata mafunzo maalumu, na programu zake ziliandikwa na watumishi haohao au ziliagizwa kutoka kwa muuzaji wa mashine. Katika mazingira hayo programu isiyojulikana ilikotoka haikuwa na njia ya kuingia, kwa sababu mlango wa chumba, orodha ya waliokabidhiwa funguo na daftari la kazi za siku vilitosha kuwa ukaguzi. Mashine yenyewe haikuhitaji kuhoji kilicholetwa mbele yake, maana maswali yote yalikuwa yameulizwa na watu kabla kazi haijafika mezani.

Hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye kompyuta hazikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Taasisi iliyohitaji mashine ililazimika kuomba ruhusa maalumu na kueleza kazi iliyokusudiwa, na maombi hayo yalipimwa kwa kuzingatia uhaba wa fedha za kigeni pamoja na hofu ya kurudia hasara iliyokwisha kutokea. Marufuku hayo mara nyingi hutajwa kama kielelezo cha woga wa teknolojia, lakini kwa mada hii yana umuhimu mwingine, kwa kuwa yalikuwa mfumo wa uthibitishaji uliosimama bandarini na katika ofisi za Hazina. Kilichokaguliwa kilikuwa mashine na taasisi inayoitaka. Programu haikutazamwa kama bidhaa inayojitegemea ambayo ingeweza kusafiri peke yake na kuleta madhara.

Marufuku yalilegezwa katika miaka ya 1980, wakati uchumi ulipoanza kufunguliwa, na yakawa yamekwisha katika muongo uliofuata. Kompyuta zilizoingia kwa wingi safari hii zilikuwa za aina tofauti kabisa, yaani kompyuta ndogo za mezani zilizotumia mfumo endeshi wa DOS uliotolewa na Microsoft mwaka 1981. DOS haikuwa na ukaguzi wa aina yoyote. Programu yoyote iliyowekwa kwenye disketi na kuitwa kwa jina lake ilipewa uhuru wa kusoma, kuandika na kufuta kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine, kana kwamba aliyeiandika na mwenye kompyuta ni mtu mmoja. Nchi ilitoka hivyo katika utaratibu ambao kila kitu kilihitaji kibali cha Hazina na kuingia katika utaratibu ambao hakuna kilichohitaji kibali, na pengo lililobaki katikati lilizibwa na watu.

Disketi, flashi na fundi

Mwaka 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore nchini Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyokuja kuitwa Brain, ambayo ilijinakili katika sehemu ya disketi inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa, na kwa njia hiyo ikasambaa katika nchi nyingi. Brain huhesabiwa kuwa virusi vya kwanza vya kompyuta za mezani za IBM na zinazofanana nazo, na somo lake kuu lilikuwa kwamba disketi iliyotoka kwa rafiki mwema ilikuwa na hatari ileile ya disketi iliyotoka kwa adui, kwa kuwa rafiki mwenyewe hakujua alichokibeba. Jibu la dunia lilikuwa programu za kukinga virusi, ambazo katika miaka hiyo ya mwanzo zilifanya kazi hasa kwa kulinganisha kila faili na orodha ya vipande vya virusi vinavyojulikana. Orodha hiyo ilifaa pale tu iliposasishwa, na usasishaji ulitaka mawasiliano ya mara kwa mara na mtengenezaji.

Mawasiliano hayo yalikuwa ghali nchini Tanzania. Intaneti iliingia katika miaka ya 1990, na hadi mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje ilipitia setilaiti kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa katika kipindi hicho, mpya na za mtumba, hazikuunganishwa na intaneti hata kidogo. Programu zilipatikana kwenye sahani za CD, na baadaye kwenye flashi, kutoka kwa fundi aliyekuwa na mkusanyiko wake, na ndiye aliyepiga Windows, aliyeweka programu za kuandikia barua na kupanga hesabu, na aliyeitwa tena mashine ilipokwama. Katika steshenari za mitaani, ambako watu huchapa barua za kuomba kazi na kutoa nakala za vyeti, flashi moja ilipita katika mashine kadhaa kwa siku, na neno la fundi ndilo lililokuwa cheti cha usalama cha programu zote.

Kwa maeneo ya pembezoni utaratibu huo ulikuwa na uzito zaidi. Kimbiji, iliyoko mwambao wa Bahari ya Hindi kusini-mashariki mwa kitovu cha jiji, ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya Wilaya ya Kigamboni kuundwa katikati ya muongo wa 2010, na msafiri wa kutoka huko kwenda Kariakoo kununua au kutengeneza kifaa alivuka mkono wa bahari kwa pantoni ya Kigamboni, mpaka daraja la Kigamboni lilipozinduliwa Aprili 2016. Umbali wa namna hiyo huongeza thamani ya mtu anayeweza kumaliza shida kwa safari moja. Fundi aliyebeba kila kitu kwenye flashi aliokoa nauli, siku ya kazi na gharama ya intaneti, na ilikuwa vigumu kwa mtumiaji kuhoji alikoitoa programu iliyokuwa inafanya kazi vizuri mbele ya macho yake.

Watengenezaji wa virusi waliutambua mwenendo huo mapema. Windows 95 ilikuwa imeleta utaratibu wa kuanzisha programu moja kwa moja mara sahani inapoingizwa, na wabunifu wa virusi wakautumia kwenye flashi kwa kuweka faili dogo lililoiagiza kompyuta kuamsha kirusi kilichofichwa. Conficker, iliyojitokeza Novemba 2008 na kuambukiza mamilioni ya kompyuta duniani, ilitumia njia hiyo pamoja na njia ya mtandao. Microsoft iliufunga mlango huo kwa upande wa flashi katika Windows 7 ya mwaka 2009, na Februari 2011 ikayapeleka marekebisho hayo kwa matoleo ya zamani. Lakini marekebisho yenyewe yalisafiri kwa intaneti, na kwa hiyo yaliyafikia kwa kuchelewa, au hayakuyafikia kabisa, mashine zilizokuwa zikitegemea flashi kuliko nyingine zote.

Funguo mbili na cheti kimoja

Msingi wa ukaguzi unaotumika leo uliwekwa mbali na soko la kompyuta za mezani. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la kutumia funguo mbili za kihesabu zinazohusiana, mmoja wa siri na mwingine wa umma, na mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni njia ya RSA, iliyowezesha wazo hilo kutumika katika kutia sahihi. Sahihi ya kidijiti ya programu hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza, programu nzima hupitishwa katika kanuni inayotoa muhtasari wa kihesabu, yaani namba yenye urefu usiobadilika, kama vile biti 256 katika kanuni ya SHA-256, ambayo hubadilika kabisa endapo hata biti moja ya programu itaguswa. Pili, mtengenezaji huufunga muhtasari huo kwa ufunguo wake wa siri na kuuambatisha na programu. Mfumo endeshi unapoipokea, huukokotoa muhtasari upya, huilinganisha namba hiyo na ile iliyofungwa kwa kutumia ufunguo wa umma, na zikilingana hupata uhakika wa mambo mawili: kwamba mwenye ufunguo ndiye aliyetia sahihi, na kwamba hakuna kilichobadilishwa tangu wakati huo.

Bado hubaki swali la ufunguo huo kuwa wa nani, na jibu lake ni cheti, ambacho ni hati ya kidijiti inayofungamanisha ufunguo wa umma na jina la mtu au kampuni. Cheti hutolewa na mamlaka ya vyeti, shirika ambalo hupokea nyaraka za mwombaji, huzihakiki na kuweka sahihi yake juu ya cheti. Mamlaka hiyo nayo huaminiwa kwa sababu cheti chake mama kimekwisha kuwekwa ndani ya mfumo endeshi na mtengenezaji wake, kabla kompyuta haijafika dukani. Microsoft ilianza kuutumia utaratibu huu kwa programu za Windows mwaka 1996, chini ya jina la Authenticode, pamoja na toleo la tatu la kivinjari chake cha Internet Explorer.

Mipaka ya sahihi hueleweka vyema kwa kuutazama mfuko wa saruji, bidhaa isiyo ngeni Kimbiji, ambako kipo kiwanda cha Lake Cement kinachotengeneza saruji ya Nyati. Jina la kiwanda lililochapwa juu ya mfuko na mshono ambao haujafumuliwa humhakikishia mjenzi kwamba saruji imetoka mahali fulani na haikuchanganywa na kitu njiani, ilhali ubora wa saruji yenyewe hupimwa maabara kwa viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Sahihi ya kidijiti hufanya kazi ya jina na mshono, nayo haipimi kilichomo. Mtengenezaji mwenye nia mbaya anaweza kutia sahihi iliyo halali kabisa, na mtengenezaji mwema anaweza kuibiwa ufunguo wake.

Yote mawili yametokea, pamoja na mengine. Januari 2001 kampuni ya VeriSign, iliyokuwa miongoni mwa mamlaka kubwa za vyeti, ilitoa vyeti viwili vyenye jina la Microsoft kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa kampuni hiyo. Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani nchini Iran, ilibeba sahihi zilizotiwa kwa funguo zilizoibwa kutoka kwa kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Flame, iliyogunduliwa mwaka 2012, ilitumia udhaifu wa kanuni ya zamani ya muhtasari, MD5, kughushi cheti kilichoonekana kuwa cha Microsoft. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia katika mitambo ya watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta iliyokuwa maarufu sana, wakapachika msimbo wao kabla ya sahihi kutiwa, na watumiaji wakapokea programu yenye sahihi halisi na sumu ndani yake. Matukio hayo yaliwalazimisha watengenezaji wa mifumo endeshi kuongeza tabaka nyingine za ukaguzi juu ya sahihi.

Kutoka sahihi hadi sifa

Tabaka la kwanza lilikuwa kumbukumbu ya asili ya faili. Windows XP, katika marekebisho yake makubwa ya Agosti 2004, ilianza kulibandika kila faili lililopakuliwa kutoka intaneti alama iliyofichwa, ili mfumo ukumbuke baadaye kwamba faili hilo limetoka nje. Apple ilifanya jambo linalofanana katika toleo la Leopard la mwaka 2007, kwa alama iliyoitwa karantini. Mwaka huohuo Windows Vista ilileta utaratibu wa kumwomba mtumiaji idhini kila programu inapotaka kugusa sehemu nyeti za mfumo, na katika matoleo ya biti 64 ikakataa kabisa madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa, yasiyokuwa na sahihi.

Tabaka la pili lilikuwa sifa. SmartScreen ya Microsoft, iliyoanzia katika kivinjari na kuingizwa katika mfumo endeshi wenyewe kupitia Windows 8 mwaka 2012, hupeleka muhtasari wa programu iliyopakuliwa kwenye seva za kampuni na kuuliza kama inajulikana, imepakuliwa na watu wengi kiasi gani, na kama mtia sahihi wake ana historia njema. Apple nayo ilileta Gatekeeper mwaka huohuo, ambayo katika hali yake ya kawaida huzuia programu isiyo na sahihi ya mtengenezaji aliyesajiliwa na Apple, na mwaka 2018 ikaongeza hatua ambayo mtengenezaji hupeleka programu yake Apple ikaguliwe na mitambo kabla ya kusambazwa, kisha hupewa hati inayoambatana nayo. Toleo la Sequoia la mwaka 2024 liliondoa njia ya mkato iliyokuwa ikitumiwa kuvuka kizuizi hicho, na kumlazimu mtumiaji kwenda katika mipangilio ya mfumo na kutoa idhini kwa makusudi.

Tabaka hizi zimepunguza madhara mengi, lakini gharama zake hazikugawanywa kwa usawa. Uanachama wa watengenezaji wa programu za Apple hulipiwa dola 99 za Marekani kwa mwaka, na vyeti vya kutia sahihi programu za Windows vinavyouzwa na mamlaka za vyeti mara nyingi hugharimu mamia ya dola. Tangu Juni 2023, isitoshe, ufunguo wa siri wa cheti cha namna hiyo sharti uhifadhiwe ndani ya kifaa maalumu kisichoweza kunakiliwa. Kigezo cha sifa kina uzito wa aina nyingine. Programu inayotumiwa na mamilioni hupata sifa haraka, ilhali programu iliyoandikwa Dar es Salaam kwa ajili ya chama cha ushirika, duka la dawa au shule chache hubaki bila takwimu za kutosha, na mtumiaji huonyeshwa onyo lilelile ambalo angeonyeshwa kama programu hiyo ingekuwa ya mhalifu. Uchache wa watumiaji huhesabiwa na mashine kuwa dalili ya hatari.

Alama isiyovuka kwa flashi

Udhaifu mkubwa zaidi kwa mazingira ya Dar es Salaam na pembezoni mwake umo katika tabaka lile la kwanza. Alama ya Windows inayoonyesha kwamba faili limetoka intaneti huhifadhiwa katika sehemu ya ziada ya faili, ambayo hupatikana katika mpangilio wa diski uitwao NTFS. Flashi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauna sehemu hiyo, na kwa hiyo faili likinakiliwa kwenye flashi, alama hupotea. SmartScreen huangalia programu zenye alama; isiyo na alama hupita bila kuulizwa. Hali ya upande wa Apple ilifanana na hiyo, kwa kuwa kwa miaka mingi Gatekeeper ilizikagua tu programu zilizobeba alama ya karantini. Programu iliyopakuliwa mjini na fundi, ikavuka daraja ndani ya mfuko wa shati na kuwekwa kwenye kompyuta ya Kimbiji, hufika ikiwa imevuliwa ushahidi wa safari yake, na mfumo endeshi huipokea kama kitu kilichozaliwa ndani ya nyumba. Kinachobaki kusimama kati yake na mashine ni kinga ya virusi, ambayo hupungua nguvu kadiri siku zinavyopita bila kusasishwa.

Jambo la pili ni mazoea yaliyojengwa na nakala zisizolipiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta nchini Tanzania, lakini bei za programu nyingi zilipangwa kwa kuzingatia vipato vya nchi tajiri, na soko la nakala zilizofunguliwa kwa kraki likastawi. Kraki ni programu ndogo inayobadilisha sehemu ya programu kuu ili isidai namba ya leseni, na kwa kuwa sahihi ya kidijiti huvunjika kwa badiliko la biti moja, nakala iliyopitiwa na kraki haiwezi kuwa na sahihi halali, iwe ina virusi au haina. Kinga ya virusi huipigia kelele, na maelekezo yanayoambatana nayo humtaka mtumiaji aizime kinga kwanza. Kwa njia hiyo onyo la usalama na onyo la kutolipa yaliunganishwa yakawa sauti moja, na mtumiaji aliyezoea kulipuuza la pili hakuwa na namna ya kulitambua la kwanza. Wasambazaji wa programu haribifu wamelitumia hilo, kwa kuwa hakuna mwathirika aliye rahisi kuliko yule aliyekwisha kukubali kuzima ulinzi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la tatu ni utegemezi wa mawasiliano na seva za mbali. Tarehe 12 Novemba 2020, seva ya Apple inayotumika kuuliza kama cheti cha mtengenezaji kimefutwa ilizidiwa, na watumiaji wa kompyuta za Mac katika nchi mbalimbali wakaona programu zao zikichelewa kufunguka, ingawa zilikuwa ndani ya mashine zao na hazikuhitaji intaneti kwa kazi yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania na majirani zake wakakaa na intaneti dhaifu sana kwa muda. Mifumo endeshi imeundwa ili mawasiliano yakikosekana ukaguzi ulegee, kwa sababu kufanya kinyume kungefunga kazi za watu wengi. Maana yake ni kwamba mtumiaji asiye na mtandao wa uhakika hupata kiwango cha chini cha ulinzi, hata kama amenunua mashine ileile na mfumo uleule.

Sheria, namba na hazina za programu huria

Serikali ya Tanzania haikukaa kando katika kipindi hiki, ingawa hatua zake zilielekezwa zaidi kwenye mawasiliano na miamala. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizifungia simu bandia kuingia kwenye mitandao kuanzia katikati ya Juni 2016, kama Kenya ilivyokuwa imefanya mwaka 2012, kwa kutumia IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu halisi hupewa na mtengenezaji wake. Hatua hiyo ilihakiki utambulisho wa kifaa na kuwafundisha mamilioni ya watu kubonyeza *#06# ili kujua kama simu zao zinatambulika, lakini haikugusa programu zilizomo ndani yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilizipa sahihi za kielektroniki nguvu ya kisheria, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo ikafanya utengenezaji na usambazaji wa programu haribifu kuwa jinai. Sheria hizo hutoa adhabu na kutambua sahihi baada ya tukio. Uamuzi wa cheti gani kiaminiwe pale programu inapobofywa umeendelea kufanywa na orodha ya vyeti mama iliyopangwa na watengenezaji wa mifumo endeshi.

Njia tofauti imekuwapo muda wote huo katika mifumo ya Linux, ambayo msimbo wake uko wazi na hunakiliwa kwa uhalali bila malipo. Nchini Tanzania njia hiyo ilijulikana zaidi mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika mifumo kama Debian, programu hazitafutwi huku na huko, bali huchukuliwa kutoka katika hazina moja inayotunzwa na wahusika wanaojulikana, na tangu toleo la mwaka 2007 orodha nzima ya hazina hiyo, yenye muhtasari wa kihesabu wa kila kifurushi, hutiwa sahihi. Ufunguo wa umma wa kuihakiki huwa ndani ya mashine tangu siku ya kwanza. Hazina hiyo inaweza kunakiliwa kwenye diski na kupelekwa mahali pasipo na intaneti, na kompyuta inayopokea itakagua sahihi vilevile, kwa sababu ushahidi husafiri pamoja na programu na hautegemei alama inayobandikwa njiani wala jibu la seva ya mbali. Umaskini wa mtumiaji haumlazimishi kutafuta kraki, hivyo sahihi haivunjwi na onyo hubaki na maana yake.

Njia hiyo nayo ina mwanzo unaopaswa kuaminiwa. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alionyesha katika hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, kwamba hata msimbo uliosomwa mstari kwa mstari unaweza kuhujumiwa na chombo kilichoutafsiri kwa lugha ya mashine, na kwamba mnyororo wa uaminifu mwishowe huishia kwa watu. Diski ya kwanza yenye mfumo endeshi lazima itoke mkononi mwa mtu fulani, na kwa wakazi wengi wa pembezoni mwa jiji mtu huyo bado ni fundi.

Historia hii inaonyesha basi kwamba fundi hakuwahi kuondoka katika mfumo. Aliondolewa tu katika mahesabu ya waliobuni ukaguzi. Kuna dalili kwamba pengo hilo limeanza kutambuliwa, kwa kuwa Smart App Control, iliyoingizwa katika Windows 11 mwaka 2022, huihakiki programu bila kujali njia iliyoifikisha, ingawa hutegemea kwa kiasi kikubwa seva za Microsoft katika kutoa hukumu. Kwa Tanzania, hatua iliyo karibu zaidi haihitaji uvumbuzi mpya. Chuo kikuu au taasisi ya umma inayoaminika inaweza kutunza hazina ya programu halali zinazohitajika zaidi nchini, zikiwamo zile zinazoandikwa na vijana wa nyumbani, ikaitia sahihi na kuwapa mafundi ruhusa ya kuinakili na kuibeba popote, kuanzia Kariakoo hadi Kimbiji. Fundi angeendelea na kazi yake ileile ya kufikisha programu mlangoni kwa mteja, na mteja hangekuwa tena na neno la fundi peke yake, kwa sababu mashine yake ingekuwa na ufunguo wa kuhakiki kile alicholetewa.